Kabla Hujasema "Kweli" Mbele ya Hakimu: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Kesi za Ulevi Barabarani

Barua zilizofika mezani kwangu hapa Tanga safari hii zimenilazimu niahirishe maswali ya viwanja na mirathi, kwa kuwa nne kati yake zinahusu jambo moja, nalo ni dereva anayeshitakiwa kwa ulevi. Majina ya waandishi nimeyaondoa, na baadhi ya barua nimezifupisha bila kubadili maana.

"Nililala, nikaoga, nikanywa kahawa. Ulevi umetoka wapi?"

*Bwana wakili, salaam. Mimi ni dereva wa kenta, napakia machungwa Muheza na kuyapeleka Dar es Salaam. Jumamosi usiku tulikuwa Pongwe tukimpongeza shemeji yangu, nikanywa mnazi mpaka yapata saa sita, nikalala. Saa kumi na moja alfajiri niliamka, nikaoga, nikanywa kahawa chungu, nikaondoka nikiwa mzima kabisa. Saa kumi na mbili na nusu trafiki alinisimamisha, akasema nanuka, akanipulizisha kipima ulevi. Nilitoka kituoni kwa dhamana na wiki ijayo nafika mahakamani. Wenzangu wananiambia niseme "kweli", nilipe faini, yaishe, maana kukana ni kumkasirisha hakimu. Nifanye hivyo? Na inawezekanaje nikutwe na ulevi wa jana? – Dereva wa machungwa, Muheza*

Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalowaponza madereva wengi wasio walevi wa kila siku. Pombe ikishaingia katika damu haitolewi na usingizi, wala maji ya kuoga, wala kahawa hata ingekuwa chungu kama shubiri. Kazi hiyo huifanya ini, nalo halina haraka. Kwa mtu mzima wa kawaida, kiwango cha pombe hushuka kwa miligramu 15 hivi katika kila mililita 100 za damu kwa saa moja, wengine pungufu ya hapo na wengine zaidi kidogo. Ukipanda kitandani saa sita usiku ukiwa na miligramu 200, basi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baada ya saa sita na nusu, umebaki na takriban 100. Kikomo cha sheria yetu ni 80. Kahawa imekufungua macho tu, na mtu aliyefunguka macho ndiye anayejiamini kushika usukani.

Mnazi nao una tatizo lake. Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu zipatazo 20 za pombe, na mwanamume wa kilo 70 akizinywa mbili upesi upesi anakuwa ameshakikaribia kikomo. Hesabu hiyo inawezekana kwa sababu chupa imeandikwa. Kibuyu hakina maandishi. Tembo, yaani mnazi huo huo, lililoteremshwa asubuhi ni tamu, mtoto anaweza kulionja. Lile lile likikaa hadi jioni limechacha na kuwa kali, na hakuna mgema anayeweza kukuambia kata moja ina nguvu kiasi gani, ukiacha lile lililotiwa maji kwa sababu zinazojulikana. Dereva anayesema "nilikunywa kidogo" baada ya kunywa mnazi hasemi uongo, ila hana namna ya kujua kidogo hicho kilikuwa kiasi gani. Na wale wanaozimua asubuhi kabla ya safari huongeza mzigo juu ya mzigo ambao haujashushwa.

Sasa tuje mahakamani. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, ambayo sasa ni Sura ya 168, ina makosa mawili yanayofanana kwa sura lakini hayathibitishwi kwa njia moja. La kwanza ni kuendesha gari ukiwa umelewa pombe au dawa kwa kiasi cha kushindwa kulimudu gari ipasavyo. La pili ni kuendesha ukiwa na pombe katika damu kupita kikomo nilichokitaja, yaani miligramu 80 katika mililita 100, hata kama gari lilikuwa limenyooka barabarani kama uzi. Katika kosa la kwanza Jamhuri, yaani upande wa mashitaka, inapaswa kuonyesha hali yako: ulivyoendesha, ulivyoshuka, ulivyotembea, ulivyozungumza, na daktari, kama alikuona, aliandika nini. Katika la pili kipimo ndicho kila kitu. Kunuka pombe peke yake si kosa katika sheria yoyote ninayoijua, na harufu hubaki mdomoni na nguoni muda mrefu. Harufu ni sababu ya askari kukupima, lakini haithibitishi kwamba ulishindwa kulimudu gari. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, kabla ya kufikiri juu ya faini, ni kuisoma hati ya mashitaka na kujua umeshitakiwa kwa lipi kati ya hayo mawili. Usilichanganye shitaka hili na zile faini za papo kwa papo unazoandikiwa kando ya barabara. Hapa unaweza kufungiwa leseni, na leseni yako ndiyo sahani yako.

Ushauri wa wenzako kwamba kukana kunamkasirisha hakimu hauna mguu wa kusimamia. Katiba ya 1977, katika ibara ya 13(6)(b), inakuhesabu kuwa huna kosa mpaka ithibitishwe, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashitaka tangu mwanzo hadi mwisho. Hakimu anayesikia "si kweli" anaandika hivyo, anapanga tarehe, anaita faili linalofuata. Nimeliona jambo hilo asubuhi zisizohesabika, na sijaona uso uliokunjwa.

Neno "kweli" ndilo lenye uzito. Ukilitamka, mwendesha mashitaka husoma maelezo ya kosa, kisha unaulizwa kama nayo ni ya kweli. Utaratibu huo ulielezwa kwa urefu na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri la 1973, na mahakama zetu zinaufuata hadi leo: shitaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshitakiwa, kila kiungo cha kosa kikiguswa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo, maelezo ya kosa yasomwe, apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza neno. Akiyakubali yote, anatiwa hatiani, na mlango wa rufaa dhidi ya hatia hiyo unafungwa isipokuwa kwa sababu chache. Kinachobaki kwa kawaida ni kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Hicho ndicho wenzako wanachokiita "yaishe".

Sisemi ukane kwa mazoea. Ikiwa wakili wako ameona karatasi za kipimo na hazina dosari, kukiri ni uamuzi halali, na mahakama huuzingatia inapopima adhabu. Ninachokataa ni kukiri gizani. Maswali ya kuuliza kwanza ni haya. Ulipulizishwa dakika ngapi baada ya kusimamishwa? Kilisoma tarakimu gani, na wewe uliiona au ulisomewa? Ni nani aliyeshika kifaa, na amefundishwa kukitumia? Kifaa hicho kilikaguliwa usahihi wake lini, na cheti cha ukaguzi kiko wapi? Maana kifaa cha pumzi hakigusi damu. Kinakadiria kilichomo katika damu kutokana na hewa ya mapafu, na kisipokuwa sawa, makadirio nayo hayawi sawa. Kama ulichukuliwa damu, maswali yanaongezeka, nami nitayagusa katika barua ya mwalimu hapa chini.

Jambo moja zaidi kwako. Siku ya usikilizwaji wa awali utaulizwa ni mambo gani huyabishi, nayo yataandikwa na kutiwa saini. Jina lako, namba ya gari na mahali uliposimamishwa, hayo hayana ubishi. Lakini usitie saini sentensi inayosema ulikuwa "katika hali ya ulevi" kwa sababu tu umechoka kusimama.

"Je, dawa ya kikohozi inaweza kunipeleka jela?"

*Mimi ni bodaboda wa Makorora na sinywi pombe, dini yangu hainiruhusu. Nilimeza dawa ya maji ya kikohozi, baada ya dakika chache nikapulizishwa, kifaa kikalia. Nilikasirika nikataka kukataa kupuliza tena. Nilikosea?*

Ulikosea kutaka kukataa, na bahati yako ni kwamba ulitaka tu. Baadhi ya dawa za maji za kikohozi, na pia maji ya kusukutulia, zina pombe, na tone lililobaki mdomoni hukidanganya kifaa kwa sababu kinadhani hewa ile imetoka mapafuni. Pombe ya mdomoni hukauka ndani ya robo saa hivi, ile ya damuni haikauki. Kwa hiyo dawa ya tatizo lako ilikuwa ni kupuliza mara ya pili: mwambie askari kwa utulivu, mbele ya mtu mwingine kama yupo, kwamba umemeza dawa sasa hivi, mwonyeshe chupa, uombe kusubiri dakika 15 au 20, upulizishwe tena, na tarakimu zote mbili ziandikwe. Anayekataa hujinyima kipimo ambacho kingemwokoa, na mahakamani husimuliwa kama mtu aliyekuwa na la kuficha. Chupa ya dawa usiitupe, na risiti ya duka la dawa pia.

"Mnawezaje kuwatetea watu hawa?"

*Ndugu wakili, mimi ni mwalimu Pangani. Mpwa wangu aligongwa na gari lililoendeshwa na mlevi. Alipona, lakini mguu wake haukurudi kama ulivyokuwa. Nilikaa mahakamani nikamsikiliza wakili akibishana juu ya kichupa cha damu kana kwamba mtoto hayupo. Naomba unijibu bila kuzunguka: mnalala usingizi?*

Mwalimu wangu, pole kwa yaliyompata kijana, na nitajibu bila kuzunguka. Nalala. Siku ambazo sikulala ni zile ambazo upande wa mashitaka ulikuwa na kesi nzuri na ukaiharibu wenyewe.

Nikupe mfano, na mahakama sitaitaja. Dereva alichukuliwa damu hospitalini, muuguzi akaipangusa ngozi yake kwa pamba yenye spiriti, ambayo nayo ni pombe, kabla ya kudunga sindano. Kichupa kikafungwa kwa plasta isiyo na jina wala saa. Askari akakizungushia kipande cha gazeti, akakitia mfuko wa shati, akaendelea na zamu yake mpaka jioni chini ya jua la Machi. Unalijua jua hilo. Siku ya ushahidi, hakuna aliyeweza kusema kichupa kililala wapi kwa siku mbili kabla ya kufika maabara. Damu isiyotiwa dawa ya kuihifadhi ikikaa kwenye joto inaweza kuchacha na kutengeneza pombe yake yenyewe, kama tembo linavyofanya. Kwa hiyo mkemia aliposema alikuta kiwango fulani, alisema kweli, lakini hakuna aliyejua kiwango hicho kilikuwa cha nani na cha saa ngapi. Huenda dereva yule alikuwa amelewa. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Ila mahakama haiwezi kumfunga mtu kwa kile ambacho wakili wake anakidhania.

Huo ndio unaoitwa mnyororo wa utunzaji wa kielelezo: aliyechukua damu, aliyeipokea, aliyeifunga, aliyeisafirisha, aliyeifungua katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kila mmoja na saini yake. Kuna na kanuni nyingine ambayo Mahakama ya Rufani imeirudia mara nyingi, kwamba kielelezo cha maandishi kikishapokelewa lazima kisomwe kwa sauti mahakamani ili mshitakiwa ajue kilichomo. Kisiposomwa, huondolewa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa, na taarifa ya mkemia ikiondolewa, hukumu nayo huporomoka. Sasa fikiri ni nani anayeumia hukumu inapoporomoka miaka miwili baadaye. Si wakili. Ni mpwa wako, ambaye alishaambiwa kwamba haki imetendeka.

Wakili anayebishana juu ya kichupa anamlazimisha kila mtu afanye kazi yake mapema, wakati kosa bado linaweza kurekebishwa. Wapo wanaovuka hapo, wanaochelewesha shauri mpaka mashahidi wahame, na wengine wanaotafuta "chai" ya kupeleka kwenye korido. Hao siwatetei, na chai hiyo ni kosa jipya la jinai kwa anayetoa na anayepokea.

Kuhusu mguu wa kijana, kesi ya jinai na fidia ni mambo mawili, na hata dereva akiachiwa kwa sababu ya kichupa, dai la madhara linaweza kusimama mahakamani kwa kiwango chepesi zaidi cha ushahidi. Gari lile lilipaswa kuwa na bima dhidi ya watu wengine, ambayo ni ya lazima chini ya Sura ya 169. Leta PF3 (ile fomu ya polisi ya majeruhi), karatasi za hospitali, namba ya gari na ya bima, na usisubiri, kwa kuwa madai yana ukomo wa muda.

"Mwanangu alisema kweli, lakini hakusema kweli"

*Mwanangu wakili, mimi ni mama wa Korogwe. Kijana wangu wa miaka 22 ni konda. Siku ile dereva aliugua akaendesha yeye kurudisha gari. Alikamatwa. Usiku huo hakuruhusiwa kutupigia simu, akaambiwa akikubali atasamehewa. Mahakamani aliposomewa alijibu: "Ni kweli, lakini nilikunywa chupa moja tu na sikulewa." Akahukumiwa faini au kifungo. Fedha hatukuwa nazo, sasa yuko gereza la Maweni. Tumeambiwa aliyekiri hakati rufaa. Ndiyo hivyo?*

Mama, shikamoo. Barua yako tuliijibu kwa simu siku ile ile ilipofika, kwa sababu siku zenu za kukata rufaa zilikuwa zinahesabika, na hapa naieleza kwa faida ya wengine.

Aliyekiri hakati rufaa dhidi ya hatia; kanuni hiyo ipo. Lakini kukiri kwenyewe lazima kuwe kukiri. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1983 ambao kila wakili wa jinai anaujua, mtu aliyekiri anaweza kusikilizwa ikiwa jibu lake lilikuwa na utata au halikukamilika, ikiwa alikiri kwa kukosea au kwa kutoelewa, ikiwa hati ya mashitaka haikuonyesha kosa lolote la kisheria, au ikiwa kwa maelezo aliyoyakubali hakuweza kutiwa hatiani. Kijana wako alisema "kweli" kisha akasema "sikulewa". Kama alishitakiwa kwa kuendesha akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari, basi nusu ya pili ya sentensi ililikana shitaka lenyewe, na jibu la namna hiyo lilipaswa kuandikwa kuwa amekana, kesi ikasikilizwa na mashahidi wakaja. Kwa miaka mingi mshitakiwa alijibu kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza, na sentensi kama hizi zikapotelea njiani. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na hiyo ni nafuu kubwa kwa vijana kama wako.

Yale ya usiku wa kituoni nayo yaandikeni. Mtu aliye chini ya ulinzi ana haki ya kuambiwa kosa lake, ya kutolazimishwa kusema, na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa kawaida wa kumhoji ni saa nne tangu aanze kuwa chini ya ulinzi. Dhamana haiuzwi, na msamaha si wa askari kuuahidi. Ikiwa alikiri kwa kuamini ahadi hiyo, hilo linagusa ile sababu ya pili niliyoitaja.

Muda ni huu: taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala ya mwenendo, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani, na ya hukumu. Aliye gerezani huipitisha taarifa kwa mkuu wa gereza, naye huipeleka mahakamani, kwa hiyo si lazima kijana atoke ndipo aanze. Siku zikipita, Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda kwa sababu za msingi, lakini hilo ni ombi la peke yake na lina safari yake. Wakili wa kulipa kama hamna, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka watoa msaada waliosajiliwa, wakiwamo wasaidizi wa kisheria wa wilayani. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii hapo Korogwe.

Nakala ya mwenendo ukishaipata, Mama, usianze na hukumu. Fungua ukurasa wa siku aliyosomewa shitaka, utafute jibu lake lilivyoandikwa. Kama wameandika "ni kweli" tu, tutayasoma maelezo ya mwendesha mashitaka mstari kwa mstari tuone kama kuna mahali alipoeleza kijana alishindwaje kulimudu gari. Na kama neno "sikulewa" limo, zungushia kwa penseli, ukunje pembe ya ukurasa huo, uje nao.